Mwongozo wa Staringi Anayehamia Sebuleni

Tuseme tuko mwanzoni mwa miaka ya 1950, wewe ni staringi wa Hollywood, umevuka arobaini, na simu yako haijalia tangu Pasaka. Tulia. Za wenzako nazo hazilii. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyozifanya studio kubwa ziachane na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki, na tangu hapo hazioni sababu ya kukulipa kila wiki huku umejilaza kando ya bwawa la kuogelea. Watazamaji nao wanabaki nyumbani, wamekodolea macho kisanduku chenye kioo kidogo kuliko sinia la pilau. Mwongozo huu utakuingiza humo. Fuata hatua moja baada ya nyingine. Utakosea, ila utakosea kwa mpangilio.

Anza kwa kudharau. Ukiiruka hatua hii utaonekana una njaa. Kwenye kila karamu sema televisheni ni ya wapiga mieleka na wauza sabuni, sema kwa sauti, kisha toka nje umpigie wakala wako. Studio zenyewe zilionyesha mfano: ziliwakataza waigizaji wao wasionekane humo, na mwaka 1953 studio ya Fox ikatoa filamu ya The Robe kwenye skrini pana ya CinemaScope, ili ieleweke kuwa uso wa nyota unahitaji ukuta mzima. Dharau yako lakini usiiweke kwenye maandishi. Kufikia 1955 Warner Bros. nao walikuwa wakitengeneza vipindi vya televisheni, na hakuna fedheha kama kupitwa mlangoni na bwana aliyekukataza usiingie.

Pili, tafuta jina la heshima. Wewe huendi kuomba kazi, unakwenda kuwakaribisha watazamaji. Ronald Reagan, ambaye filamu zilikuwa zimeanza kumkimbia, mwaka 1954 akawa mkaribishaji wa General Electric Theater. Kazi yenyewe: kusimama, kutabasamu, kutambulisha mchezo wa wiki, mara mojamoja kuigiza, halafu kuzunguka viwanda vya kampuni akiwapa mikono mafundi. Kampuni ikamjazia nyumba vyombo vya umeme. Hakuna aliyemuuliza filamu zimeishia wapi, maana kuuliza ni utovu wa adabu. Akazunguka hivyo miaka minane, hotuba zikizidi kunoga, na kiwanda kwa kiwanda akafika Ikulu. Wewe usiitegemee njia hiyo. Hadi leo imempitisha mmoja.

Kama wewe ni mwanamke, dai mlango. Loretta Young, mwenye Oscar yake ya The Farmer's Daughter, alianza kipindi chake kwenye kituo cha NBC mwaka 1953. Kila wiki mambo yalikuwa hivi: mlango unafunguka, anaingia, anageuka kuufunga, na gauni linazunguka naye kama mwavuli. Ndipo hadithi inaanza. Aliendelea mpaka 1961, na nina hakika wapo waliowasha televisheni kwa ajili ya mlango, hadithi ikianza wakarudi jikoni. Baadaye picha zile zikarudishwa hewani wakati magauni yale hayavaliki tena hata harusini. Akaishtaki NBC, akashinda. Kwa hiyo andika mapema kwenye mkataba ni nani mwenye haki ya kuonyesha gauni lako likishapitwa na wakati. Uso, kwa bahati mbaya, hauna kifungu.

Sasa mdhamini. Hapa nenda taratibu, ndipo wengi wanapovunjika miguu. Kwenye sinema bwana wako alikuwa studio; huku bwana wako ni sigara, jokofu au dawa ya meno, na bwana huyu ana haya ya ajabu. Mwaka 1952 Lucille Ball alikuwa mjamzito kwelikweli, na mhusika wake kwenye kipindi cha I Love Lucy akawa mjamzito pia. Tumbo lilionekana Marekani nzima. Neno "mjamzito" halikuruhusiwa kutamkwa. Sigara za mdhamini, ambaye ni Philip Morris, zilivutwa bila kikwazo.

Hilo lilikuwa jambo dogo. Aprili 1959 kipindi cha Playhouse 90 kilionyesha mchezo wa Judgment at Nuremberg, kuhusu kesi ya majaji waliomtumikia Hitler. Hakimu Mmarekani aliigizwa na Claude Rains, yule yule mkuu wa polisi wa filamu ya Casablanca. Hebu mtazame: nywele nyeupe, sauti ile nzito ya jukwaani, kila neno limepimwa. Anafika penye mauaji ya mamilioni, midomo inasogea, na kwa nukta moja sauti haipo. Kisha inarudi. Mmoja wa wadhamini alikuwa chama cha kampuni za gesi ya kupikia, na kampuni hizo hazikupenda neno "gesi" litajwe pale. Fundi akalimeza. Kwa hiyo soma orodha ya wadhamini kabla hujasoma mchezo. Na kama una neno moja unalolipenda sana, ujue ndilo litakalokatwa.

Saa za kazi: usikubali za wengine. Fred MacMurray alipokubali kipindi cha My Three Sons mwaka 1960, sharti lake lilikuwa kufanya kazi siku 65 tu kwa mwaka. Sehemu zake za msimu mzima zikapigwa kwa mkupuo. Anasimama jikoni, anamkanya mtoto kuhusu jambo la kipindi cha tatu, anabadili fulana, anamkanya kuhusu jambo la kipindi cha ishirini, halafu huyo, kwenye gofu. Wenzake walibaki miezi wakimjibu baba asiyekuwapo, wamekaza macho hewani kwa upendo. Familia ile ilidumu hewani misimu kumi na miwili, muda ambao baba wengi waliokuwapo hawaufikishi. Usijaribu sharti hilo kama jina lako si MacMurray. Wewe yaelekea utakuwa Judy Garland: mwaka 1963 kituo cha CBS kilimpa Jumapili usiku, ana kwa ana na Bonanza, kipindi cha wachunga ng'ombe, na baada ya vipindi 26 sauti ile ikashindwa na farasi.

Ukikwama kabisa, tangaza. Bette Davis, mwenye Oscar mbili, mwaka 1962 aliweka tangazo la kutafuta kazi kwenye jarida la biashara ya filamu. Alisema baadaye ni mzaha. Wewe ukisema ni mzaha watakuonea huruma zaidi.

Hatua inayofuata naiandika kwa kutimiza wajibu tu, najua hutaifuata. Chukua mkanda, acha mshahara. CBS walitaka I Love Lucy irushwe moja kwa moja kutoka New York. Lucille na mumewe Desi Arnaz wakataka kubaki California na kurekodi kwenye filamu. Wakakubali kupunguziwa malipo, mradi mikanda iwe yao. Nani alitaka mikanda? Kipindi kikishaonyeshwa kimeonyeshwa. Mwaka 1957 CBS waliinunua mikanda hiyo kwa mamilioni ya dola, na mwaka huo huo wawili hao wakanunua studio za RKO, pale pale Lucille alipokuwa zamani mwigizaji wa mkataba. Wakili wako atakushauri uchukue fedha taslimu. Utamsikiliza, ana suti nzuri.

Limebaki la mpinzani wako. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 studio zilianza kuuzia televisheni filamu zao za zamani kwa maghala mazima. Waigizaji wakaja juu, wakagoma mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Reagan yule yule wa majokofu. Makubaliano: dola milioni 2.25 kwa ajili ya pensheni na matibabu, na filamu zilizotengenezwa kabla ya 1960 zinaweza kurudiwa hewani mpaka dunia iishe bila mwigizaji kupata senti. Kwenye mabanda yetu ya video tulikuwa tukisema staringi hafi. Kumbe ni kweli, ila halipwi.

Basi usiku ukikosa usingizi, washa. Kituo cha kwanza kuna kipindi kilichochukua nafasi ya chako. Cha pili ni wewe wa mwaka 1939, kiuno chembamba, unaruka dirishani na upanga mkononi, tena bure. Mwenzi wako akiuliza unatazama nini, sema unachunguza soko. Usijisumbue kubadilisha kituo. Kitufe kiko kwenye kisanduku chenyewe, itabidi uinuke, na magoti yako si ya yule wa kwenye kioo.