Nasaha za Mekoni: Bibi wa Mabibo Awajibu Wenye Dhiki ya Chungu

Barua zilizotufikia juma hili zilikuwa nyingi, na aghalabu yake zililia kilio kimoja, kwamba fedha ni chache na tumbo halitaki kuelewa. Kwa hiyo tumeziweka kando barua za mapenzi, ambazo wenyewe watatuwia radhi, kwa kuwa mpenzi huweza kungoja mpaka juma lijalo na njaa haiwezi.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana, nimepanga chumba kimoja Mabibo Mwisho, nafanya kibarua kiwandani. Mchana nakula kwa mama ntilie, usiku nanunua chipsi mayai. Ikifika tarehe 15 sina kitu, na mama ntilie ameshanifungulia daftari la madeni. Kupika sijui, friji sina, jiko langu ni moja la mkaa. Nisaidie. — Mwenye Daftari*

Marahaba, mwanangu. Mama ntilie anayemkopesha wali mtu asiyemjua hata jina la baba yake ni mtu mwenye imani kubwa kwa wanadamu, na jambo la kwanza ninalokuamuru ni kumlipa. La pili ni kujifunza maharage, kwa sababu mtu aliyepanga chumba katika mji huu na hajui kupika maharage amekodi paa tu, hajapata nyumba.

Nunua nusu kilo, uyachambue juu ya ungo mchana kweupe, maana jiwe moja lililofichama huweza kukugharimu jino, kisha uyaoshe na kuyaloweka kwa maji mengi usiku kucha. Usidhani kwamba kuloweka ni ada ya vikongwe wasio na kazi: maharage yaliyokunywa maji usiku huiva mapema kuliko yale yaliyotupwa chunguni makavu, na kwa mtu anunuaye mkaa kwa kopo, kama ununuavyo wewe, kila saa ya moto hutoka mfukoni mwake. Watu hulinganisha bei ya maharage na bei ya chipsi bila ya kuuhesabu mkaa, kisha wakashangaa mbona kupika nyumbani hakuwapi nafuu waliyoitarajia, na kumbe nafuu yao imekwenda juu pamoja na moshi. Wako watakaokushauri utie magadi ili yalainike upesi. Ni kweli yatalainika, walakini magadi huiharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage na kuacha ladha ya sabuni, na aliyeloweka hana haja nayo.

La kukosa friji lisikutie fadhaa, ila ulijue sharti lake. Chemsha maharage yote kwa maji matupu mpaka yaive, usitie nyanya, usitie kitunguu, wala, na hili nalirudia, usitie nazi, kwa kuwa tui huchacha upesi mno katika joto la Dar es Salaam, na sufuria iliyoungwa kwa nazi saa mbili za usiku huenda ikaamka asubuhi ina povu. Teka kadiri ya mlo mmoja tu uyaunge hayo: usiku wa kwanza kwa nazi, kesho yake kwa nyanya na kitunguu na mafuta ya kupima kutoka kwa Mangi mwenye duka, na usiku wake uyaponde kwa chumvi na ndimu ule na chapati ya kununua, maana sikutazamii kuanza kusukuma chapati mwezi huu. Yaliyobaki uyachemshe mpaka yatokote kabisa kabla ya kulala, na tena asubuhi kabla ya kwenda kazini, uyafunike, wala usiyachovye kijiko kilichotoka mdomoni. Kwa namna hiyo yatakufikisha siku ya pili bila ya lawama. Siku ya tatu mimi siwezi kukudhamini.

Ama sokoni, nenda jioni. Asubuhi soko la Mabibo ni la wanunuzi wa jumla na watu wenye haraka. Jua likielekea Magomeni—nasema vibaya, jua haliendi Magomeni, Magomeni ndiko linakotokea—jua likielekea Kimara, mwenye nyanya anataka kurudi kwake, na zile zilizolainika, ambazo wao huziita masalo, hutolewa fungu kubwa kwa bei ya fungu dogo. Nyanya ya mchuzi haitafutiwi mchumba. Haina haja ya sura.

Tena moto wako, mwanangu, usiuache ufe wenyewe baada ya chakula kuiva. Mwagia maji makaa yaliyobaki, uyaanike, kesho yatawaka tena. Wala usiingize jiko linalowaka chumbani ukafunga mlango, hata mvua ikinyesha namna gani, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu na imewalaza wengi wasiamke. Serikali imeweka mkakati, ulioanza mwaka 2024 hadi 2034, unaokusudia kwamba utakapokwisha asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi; neema hiyo ikifika Mabibo Mwisho, niandikie tena, tutazungumza habari ya gesi.

*Shikamoo Bibi. Tuko wanafunzi wanne, tumepanga karibu na hosteli ya Mabibo. Bumu letu la mkopo wa chuo limekata. Mimi nasema tununue dona na matembele, wenzangu wanasema dona ni chakula cha jela, na eti wasichana wakituona ndiyo basi tena. — Msomi Mwenye Njaa*

Marahaba. Wenzako wamesoma sana, lakini hawajapata kusimama mbele ya mashine ya kusaga wakauliza maswali. Mahindi yakikobolewa ili itoke sembe nyeupe, ganda huondoka pamoja na kiini, na katika kiini ndimo yalimo mafuta ya hindi na sehemu kubwa ya vitamini zake. Kilichoondolewa huitwa pumba, nacho hutiwa magunia kikauzwa kwa wafugaji. Alhasili kuku wa Mabibo hupewa kilicho bora cha hindi, msomi akabakiwa na wanga, kisha msomi huyo huyo huenda kwa Mangi akanunua yai, ili arudishiwe kwa bei ya juu kile alichokikataa kwa bei ya chini. Uchumi huo sijui unafundishwa katika kitivo gani.

Sisi wazee wenu tuliambiwa mambo haya mapema. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikaendeshwa kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima wakakaa vikundi vikundi kuizunguka redio, daftari mapajani, wakisomeshwa lishe mithili ya watoto wa darasa la kwanza. Ajabu ni kwamba babu asiyejua kusoma alitoka pale akijua faida ya mboga za majani, na mjukuu wake aliye chuo kikuu anaona haya kuonekana amezishika mkononi.

Kasoro moja ya kweli ya dona nitawaambia: kwa sababu ya yale mafuta ya kiini, haikai muda mrefu kama sembe, huingia uchungu, kwa hiyo msinunue mfuko mkubwa kwa tamaa ya bei, nunueni ya juma moja. Matembele yachambueni, mkayaanike juani kitambo kidogo mpaka yanyauke, ndipo myakate na kuyapika kwa kitunguu na nyanya, mkimalizia kwa karanga zilizosagwa, ambazo zitawatosheleza mahali pa nyama. Myaepue yakingali kijani. Mboga iliyochemshwa mpaka ikageuka rangi ya gari la jeshi haimfai mtu.

Kuhusu wasichana, wakaribisheni. Wao pia bumu lao limekata.

*Shikamoo Bibi. Nimeolewa karibuni, tunakaa Luhanga. Mama mkwe anakuja kutoka Pangani, na mume wangu kaniachia hela ya matumizi ya siku zote. Nataka nikope kwenye kikoba nipike pilau ya nyama, maana nikimpa mbaazi atasema mwanawe kaoa masikini. Nishauri haraka, anaingia Jumamosi. — Mke Mpya*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa ndani yake umo ugonjwa unaoitafuna miji yetu, nao si ufukara, bali ni ghururi. Maana katika barua zote nilizopokea juma hili sikumwona mtu aliyeshindwa kununua chakula cha bei nafuu, nimewaona walioona haya kuonekana wakikila. Wewe wataka kukopa fedha zenye riba, utakazolipa kwa miezi, kwa ajili ya nyama itakayokwisha kabla ya alasiri, ili umdanganye mwanamke ambaye amemzaa mumeo, amemlisha mumeo, na anaujua mshahara wa mumeo kuliko unavyoujua wewe.

Tena umetazama anakotoka? Pangani ni nchi ya minazi. Mtu aliyekulia mle hatishwi na mbaazi za nazi. Kitakachomwudhi ni mbaazi zilizopikwa na mtu asiyejua, tui limekatika, mafuta yanaelea juu na maji yamelala chini. Basi usimpikie nyama ya mkopo, mpikie mbaazi ambazo akirudi kwao atazihadithia.

Loweka mbaazi kavu Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi uzichemshe kwa maji mpaka zilainike bila ya kuvurugika. Kuna nazi moja kubwa, na ikiwa huna mbuzi ya kukunia, azima kwa jirani. Mwanamke anayeona haya kuazima mbuzi atawezaje kuazima fedha? Tia maji ya uvuguvugu kidogo, ukamue, na hilo tui la kwanza, zito, ambalo wazee hulitaja kwa jina la kasimile, uliweke kando wala mtu asiliguse. Tia maji mengine katika machicha, ukamue tui la pili, kisha la tatu. Mbaazi zipike katika tui la pili, pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, ziendelee taratibu mpaka mchuzi upungue. Ndipo utie kasimile, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo usiondoke, usipokee simu, usimfungulie mtu mlango. Koroga polepole bila ya kuacha mpaka liive, uepue. Shughuli yote ya mapishi ya pwani, ukiondoa maneno, ni subira ya dakika hizo chache.

Tui la tatu usilimwage, ndilo la kupikia wali. Na mchele si lazima uwe wa bei kubwa: chenga ya Mbeya au Kyela, ikipepetwa na kuoshwa vizuri, ikatiwa tui kidogo kuliko utiavyo katika mchele mzima, na makaa machache yakawekwa juu ya mfuniko maji yakishakauka, hutoa wali laini wenye harufu. Ukibakiwa na senti, nunua kipande cha ng'onda, ukiloweke kiache chumvi, ukibanike juu ya makaa yale yale, uweke pembeni na kachumbari ya embe bichi.

Sasa sikiliza sehemu isiyouzwa sokoni. Chungu kikikaribia kuiva, mwite mama mkwe jikoni kwa taadhima, umpe upawa, umwambie, “Mama, hebu nionjee chumvi.” Atasema imepungua, hata kama haikupungua. Tia punje mbili mbele yake. Tangu hapo chungu ni chenu nyinyi wawili, na mtu hatangazi ubaya wa chungu alichokitia chumvi kwa mkono wake.

*Bibi, shikamoo. Mke wangu kanilisha dagaa siku tano mfululizo. Hii si kesi? — Mume Aliyechoka, Kigogo*

Marahaba, bwana. Barua yako inaeleza vizuri sana kilichowekwa sahanini, lakini haisemi neno lolote juu ya kiasi unachokiacha mezani asubuhi, na kesi ya upande mmoja siwezi kuihukumu. Ipeleke Mahakama ya Ndizi, soko lililo karibu nawe, na wachuuzi wa pale watakusikiliza ukinunua mkungu.

Hata hivyo dagaa nitawatetea. Hawa ni samaki wanaovuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikikamilika wavuvi wa Kigoma hukaa nchi kavu. Huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo watoto wako wanapata kalisi ambayo wewe huinunui kwa njia nyingine. Kosa, kama liko, ni la kuwapika namna moja. Mwombe mkeo, kwa lugha njema, awatoe vichwa na matumbo yenye uchungu, awaoshe kwa maji ya moto wauache mchanga, kisha leo awakaange wakauke na kitunguu kingi na ndimu, kesho awape mchuzi wa nyanya na mbilimbi, na siku ya tatu awatie katika kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana, maana kisamvu kisichoiva kina sumu. Siku ya nne na ya tano uende wewe sokoni, urudi na kitu, na uniandikie umerudi na nini.

*Bibi, ni aibu kula kiporo cha wali na chai asubuhi? — Mwenye Haya, Makuburi*

Si aibu. Kipashe moto sawasawa, ufunge mlango kama lazima.

Ama yule aliyetia sahihi kwa jina la “Mla Nyama”, anayetaka kujua kama nyama ya kukopa inaweza kuhesabiwa katika vyakula vya bei nafuu, barua yake tumeipeleka kwa mwenye bucha anayemdai, ambaye ameahidi kumjibu mwenyewe, kwa mdomo, mara tu atakapompata.