Kukoroga Moto

Hapa Bukavu umeme tunauita moto, na ukirudi baada ya siku mbili watoto wa mtaa mzima wanashangilia kama tumefunga bao. Mto Ruzizi hauko mbali. Maji ya Ziwa Kivu yanatokea hapa hapa mjini na kuzungusha mitambo tangu miaka ya 1950. Bwawa la pili, la mwaka 1989, tunaligawana na Rwanda na Burundi. Sijui ni kwa nini huo moto ukipanda hadi kwetu Kadutu unafika umechoka.

Nikanunua chaja ya kukoroga kwa mkono. "Dakika kumi tu, papa, simu inajaa!" muuzaji aliniapia. Mimi mwalimu wa hesabu nilipiga hesabu nikiwa nimeshalipa: betri yangu inabeba kama wati 15 kwa saa moja, na mkono wa mtu aliyeshiba unatoa wati 3 hivi. Ni saa tano za kukoroga bila kupumzika. Usiku ule nilikuwa nimekula sombe bila bugali.

Mwenzangu shuleni alikuwa amenishauri baiskeli. Ni kweli, mwaka 2010 Nokia ilitangaza dainamo ya baiskeli inayoanza kuchaji ukifikisha kilomita 6 kwa saa. Lakini Kadutu hii! Kupanda unaisukuma baiskeli, kushuka unasali.

Basi nikakoroga. Chombo kilinguruma hadi jirani akagonga ukuta wa mbao: "Papa, munasaga mahindi saa hii?" Mke wangu, bila kufungua macho, akanikumbusha nibadilishe mkono, maana ule wa kulia una kazi ubaoni kesho. Baada ya saa nzima, robo tatu yake mapumziko, nilikuwa na asilimia 5. Nimewahi kushika mshahara kwa furaha ndogo kuliko ile.

Hapo simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Shemeji yangu wa Uvira, ananibipu! Yaani mimi niliyekoroga ndiye nimpigie. Nikampigia.

"Shemeji, mbona unahema hivyo?"

"Ni hii... mkono... nimekoroga..."

Simu ikazimika.

Sikujua kwamba huko Uvira habari ilikuwa imeanza safari. Shemeji aliwapigia ndugu wote wa Bukavu: mkono umekufa ganzi, pumzi zinakatika, kisha kimya. Alfajiri nilifungua mlango nikakuta mashangazi wawili wa mke wangu, nyuso za matanga, mmoja kabeba makaa, mwingine jogoo. Huyo wa makaa alishaanza kulia, na kumkatiza mtu aliyeanza vizuri ni aibu, nikamwacha amalize kidogo.

Ilibidi niwaonyeshe chombo na nikizungushe mbele yao, mkono ukitetemeka kweli. Shangazi mkubwa alikitazama, akamtazama jogoo wake, akamrudisha kwapani. Kisha akafungua fundo la kikwembe, akatoa simu iliyozimika.

"Basi, mukwe, kama hauyakufa, korogea na yangu."