Utukufu wa Chunusi

Haki inadai kwamba chunusi, ambayo hutukanwa mbele ya kila kioo, ipewe walau mara moja heshima inayolingana na kazi yake, kwa kuwa ni machache yanayotokea mwilini mwa binadamu ambayo huandaliwa kwa uvumilivu mkubwa namna hiyo. Kabla haijaonekana, huwa imeshughulika chini ya ngozi kwa wiki kadhaa: tezi za mafuta, yaani vifuko vidogo vinavyolainisha ngozi na nywele, huchochewa na homoni za balehe ziitwazo androjeni na kutoa mafuta kupita kiasi, chembe za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandamana na mafuta hayo na kuziba kinyweleo, kisha bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwa amani hata kwenye nyuso safi kabisa, hustawi nyuma ya kizibo hicho mpaka mwili unapojibu kwa uvimbe, maumivu na usaha. Kwamba matunda ya kazi ndefu kama hiyo huiva asubuhi ileile ya kupeleka posa ni ustadi ambao wenye wivu huuita bahati mbaya.

Tena haina upendeleo, kwani humtokea mtoto wa waziri na mtoto wa utingo, kwenye shavu lililooshwa na kwenye lile lililosahauliwa, jambo linalowakera wanaoamini kwamba chanzo chake ni uchafu. Hata vile vidoadoa vyeusi vya puani, ambavyo vijana huvisugua kwa sabuni ya kufulia, havikupata weusi wake kwa vumbi la barabarani, bali kwa mafuta na rangi ya asili ya ngozi, yaani melanini, vilivyokutana na hewa.

Ukarimu wake kwa wafanyabiashara hauna mfano. Kwa ajili yake rafu za maduka ya dawa zimejaa benzoili peroksaidi, dawa inayoua bakteria kwa kuachia oksijeni ndani ya kinyweleo, ambayo huuzwa kwa nguvu ya asilimia 2.5, 5 na 10. Na ijapokuwa ile ya asilimia 2.5 imeonekana kufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 huku ikiwasha kidogo kuliko hiyo, mnunuzi mwenye haraka hunyoosha mkono kwenye namba kubwa, akaishia kuwa na uso unaobanduka na foronya yenye mabaka meupe, kwani dawa hiyo hufuta rangi ya kitambaa kwa bidii kuliko inavyofuta chunusi. Pembeni yake hukaa asidi salisiliki, ambayo kwa kuyeyuka katika mafuta huweza kupenya hadi kwenye kizibo, na adapalini, dawa ya ukoo wa vitamini A ambayo Marekani iliruhusu mwaka 2016 iuzwe bila cheti cha daktari. Hii ya mwisho huweza kuongeza chunusi katika wiki za mwanzo na hudai takriban wiki 12 kabla ya kuhukumiwa, sharti ambalo muuzaji hulitamka kwa sauti ya chini.

Asiyeweza kungoja hupaka dawa ya meno, kisha limau, na hatimaye hukimbilia mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi ambamo mara nyingi hujificha steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Uvimbe hushuka haraka, watu husifu, na baadaye ngozi huwa nyembamba na chunusi hurudi na jamaa zake. Ikilinganishwa na mganga huyo, chunusi ni mpole: ndogo yake isiyominywa aghalabu huondoka kwa hiari, ingawa ikitibuliwa huacha doa ambalo kwenye ngozi nyeusi hudumu miezi. (Sifa hizi haziyahusu majipu makubwa yenye maumivu yanayoacha makovu, hayo ni ya daktari wa ngozi.)

Na kwa habari ya uaminifu, wengi huagana nayo ujana unapokwisha, lakini wapo wanawake ambao huendelea kuwatembelea kabla ya hedhi hadi baada ya miaka 30, bila tangazo wala punguzo la bei, uaminifu ambao hakuna losheni iliyowahi kumwonyesha mteja wake.