Heko kwa Setingi

Simu janja imesifiwa ikatosha. Unatia laini, intaneti inashika, unasahau. Setingi hazijapata msifu hata mmoja, zile za intaneti na ujumbe wa picha, za kutia kwa mkono, herufi kwa herufi, kwenye Nokia 6230 ya mwaka 2004 yenye kioo cha kufunikwa na kidole gumba. Leo amepatikana.

Sifa ya kwanza ni uungwana. Setingi hazikuingia ndani ya simu bila hodi. Ulipiga huduma kwa wateja, ukataja aina ya simu, ukasikiliza muziki mpaka ukaukariri, kisha ujumbe ukaja na kudai namba ya siri kabla ya kuhifadhiwa. Namba yenyewe mara nyingi ilikuwa 1234. Siri ililindwa na taifa zima.

Ujumbe usipokuja, elimu ilianza. Jina la APN (njia ya laini kufikia intaneti), anwani ya kituo cha ujumbe wa picha, namba za proksi, poti 8080, au 9201 kwa simu za kizamani zaidi. Nukta ilikaa kwenye kitufe cha 1, mkwaju ukajificha nyuma ya nyota. Walimu wetu wamechoka kuhimiza alama za uandishi. Setingi zilimaliza kazi hiyo jioni moja, maana nukta ikikosekana hakuna kinachofunguka, na simu haisemi ni nukta ipi. Haikuwa na tabia ya kusengenya.

Tena intaneti na picha, kwenye mitandao mingi, ziliishi kama wake wenza: mume laini moja, lakini kila mmoja na jina lake, anwani yake na mlango wake. Ukimpa huyu cha yule, hasemi neno. Picha haiendi tu.

Na adabu je? GPRS, intaneti ya simu za enzi hizo, kwenye simu nyingi haikubeba maongezi na data kwa wakati mmoja. Shangazi akipiga, ukurasa ulisimama katikati ukangoja amalize salamu, na shangazi zetu hawaruki hali ya mtu yeyote, mbuzi wakiwemo. Simu za leo hazina malezi hayo.

Lakini utukufu wenyewe ulikuwa kwenye picha. Ujumbe wa picha, ulioanza kuuzwa Ulaya mwaka 2002, mara nyingi ulikomea kilobaiti 100, baadaye 300, kwa hiyo simu iliikamua picha mpaka ienee. Bibi harusi alifika akiwa vijidoa vya rangi, mrembo kuliko wote waliowahi kuolewa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha vinginevyo. Na simu ya mpokeaji isipoweza kuionyesha, mara nyingi aliletewa maandishi yenye anwani na neno la siri, akaitazame kwenye kompyuta. Picha iliyokudai nauli ya daladala na malipo ya intaneti kafe hukuitazama kwa jicho moja.

Hapa sitanii sana. Aliyepita njia yote hiyo kutuma picha moja alikuwa na sababu: mtoto amezaliwa, nyumba imeezekwa. Waridi lenye maneno "asubuhi njema" lisingevuka hata anwani ya proksi. Leo linavuka kila alfajiri, na kundi la ukoo linaitikia kwa waridi jingine.

Usihuzunike ukidhani setingi zimefariki. Fungua setingi za mtandao kwenye simu yako ya Android, shuka mpaka kwenye orodha ya APN, uguse jina lolote. Nafasi za kujaza ni zile zile: proksi, poti, kituo cha ujumbe wa picha. Futa herufi moja tu, uhifadhi, kisha umwombe mwanao mwenye shahada ya kompyuta akurudishie intaneti. Ataanza kwa kukuambia uzime simu, uiwashe.