Ombi la Kuitambua Muthangari Kuwa Eneo Lisilofikiwa na Mawasiliano

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

KUH: KUTAZAMA SAFARI RALLY MOJA KWA MOJA MTANDAONI

Mheshimiwa,

Barua hii inawasilishwa kwa heshima zote zinazostahili taasisi iliyokabidhiwa na sheria kazi ya kugawa masafa ya redio, yaani njia zisizoonekana ambamo sauti na picha hupita hewani, na inatoka kwa mashabiki wa mbio za magari wa Muthangari, kitongoji cha magharibi mwa Nairobi ambacho wakazi wake, wakiamua kwenda kwa miguu, hufika ofisi za Mamlaka kabla ya majirani zao walioondoka kwa gari. Ombi lenyewe ni dogo. Mashabiki wanaomba Muthangari itambuliwe rasmi kuwa eneo lisilofikiwa na mawasiliano, ili nayo inufaike na Hazina ya Huduma kwa Wote, ule mfuko unaosimamiwa na Mamlaka na kuchangiwa na kampuni zenye leseni kwa ajili ya kupeleka simu na intaneti katika sehemu za nchi ambako wafanyabiashara hawaoni faida ya kwenda.

Mamlaka haitakosa kujibu kwamba Muthangari ni miongoni mwa sehemu zilizounganishwa vizuri zaidi nchini, kwamba nyaya za faiba za kampuni kadhaa zimening'inia juu ya kila ua, na kwamba mkazi wa huko anaweza kutazama kandanda ya Uingereza, harusi ya binamu aliyeko Canada na kikao cha Bunge kwa wakati mmoja bila picha kukwama. Hayo ni kweli, na ndiyo yanayolifanya jambo hili listahili uchunguzi wa kitaalamu. Kinachoshindwa kufika Muthangari ni picha ya gari linaloendeshwa Naivasha, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi, katika Safari Rally, mashindano ambayo Serikali ya Kenya huchangia gharama zake kwa fedha za walipa kodi.

Safari ya picha hiyo inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ni ndefu kuliko safari ya gari lenyewe. Kamera iliyofungwa ndani ya gari hurusha mawimbi juu, ambako ndege huzunguka kwa saa nyingi ikiyapokea na kuyateremsha kwenye kituo cha mashindano kilichoko Naivasha. Kutoka hapo picha husafirishwa hadi Ulaya, ikaunganishwa na sauti za watangazaji, kisha ikauzwa kupitia Rally.TV, huduma ya kulipia iliyoanza 2023 na kuchukua nafasi ya WRC+, ambayo matangazo yake ya kila hatua yalianza 2018. Mwenye huduma hiyo ni WRC Promoter, kampuni yenye makao Ujerumani inayomiliki haki za kibiashara za Mashindano ya Dunia ya Rally. Hivyo vumbi la Kedong, huko Naivasha, huondoka nchini bila pasipoti na kurudi likiwa bidhaa ya kuagizwa kutoka nje, yenye bei ya fedha za kigeni, na hadi sasa hakuna afisa wa forodha aliyeulizwa iwapo bidhaa hiyo inastahili kutozwa ushuru wa vumbi lililosindikwa.

Katika safari hiyo yote kuna kipande kimoja tu ambacho hakina ubishi kuhusu mwenyewe: kile cha kwanza, kutoka kwenye paa la gari hadi kwenye ndege. Kipande hicho hupita katika masafa ya Kenya, ambayo ni mali ya umma, na ambayo hakuna mtu, awe mgeni au mwenyeji, anayeruhusiwa kuyatumia bila idhini ya Mamlaka. Mashabiki wanaandika kwa Mamlaka, wala si Ujerumani, kwa sababu hiyo.

Pengine Mamlaka itauliza kwa nini mtu anayeishi Muthangari asitoe kadi yake ya benki akalipa. Wapo wanaolipa, na barua hii haiwaombei chochote. Lakini Muthangari haina wenye nyumba peke yao. Ina mabawabu, watunza bustani, madereva na wapishi ambao wengi wao huingia kila alfajiri kwa miguu kutoka Kawangware wakivuka James Gichuru Road, na uzoefu unaonyesha kwamba ujuzi wa rally huwa mkubwa zaidi langoni kuliko sebuleni. Mwenye nyumba hujua kwamba kuna Subaru. Bawabu hujua ni nani aliyeshinda Safari kwa Subaru ipi, mwaka gani, na ni kwa nini springi ya nyuma ilikatika. Huyo wa pili ana bando, yaani kiasi cha intaneti kinachonunuliwa kwa muda maalumu, mara nyingi la saa moja, na hana kadi inayokubaliwa na duka la Ulaya. Mpaka wa mawasiliano, kwa hiyo, unapita katikati ya lango moja, na ramani za Mamlaka za maeneo yasiyofikiwa hazina rangi ya kuuonyesha.

Itadaiwa pia kwamba shabiki halisi hakai nyumbani akitazama simu bali huenda uwanjani kula vumbi. Dai hili lilikuwa na nguvu zamani. Mashindano haya yalipoanza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kawaida, na kwa miongo mingi baadaye magari yaliendelea kukatiza vijijini na sokoni, yakiwakuta watu walipo. Mwanafunzi aliyapungia akiwa kwenye ua wa shule, na redio ikamweleza nani anaongoza. Mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Habari hizo hazikuhitaji kununuliwa kutoka popote, kwa sababu nusu ya nchi ilikuwa imesimama kando ya barabara ikiwahesabu walioanguka.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika kalenda ya dunia, na iliporejea 2021 ilikuwa kitu kingine. Rally ya kisasa huzunguka eneo moja: ukiacha hatua ya maonyesho iliyowahi kufanyika Kasarani, magari hukimbia katika mashamba, ranchi na hifadhi za Naivasha na Elmenteita, kama vile Loldia, Kedong, Soysambu na Sleeping Warrior, na ndani ya mbuga ya taifa ya Hell's Gate. Sababu za kufanya hivyo ni nzuri, kwa maana usalama wa watazamaji huhakikishwa kwa urahisi zaidi mahali palipofungwa, gharama hupungua, na hakuna ng'ombe wa mtu anayekutana na gari la kilomita 180 kwa saa akienda kunywa maji. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mbio zilizokuwa zikimpita mwananchi mlangoni sasa zimewekwa ndani ya ua, na anayetaka kuziona lazima apande Waiyaki Way, akwame kwenye msafara wa magari ya wapenzi wenzake, alipie malazi yaliyopanda bei, na arudi siku ya mwisho akiwa na maoni mapya kuhusu foleni ya Mai Mahiu. Mashindano yakishaondolewa barabarani kwa wananchi, picha ndiyo barabara iliyobaki, na barabara hiyo imewekewa kizuizi cha malipo.

Isitoshe, aliyeko uwanjani haoni mashindano. Rally si mbio ambamo magari hufukuzana bega kwa bega. Kila gari huondoka peke yake, dakika kadhaa baada ya jingine, katika hatua maalumu, yaani kipande cha barabara kilichofungwa ambamo muda wa kila dereva hupimwa, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko za wengine. Shabiki aliyesimama kwenye kona ya Sleeping Warrior huliona gari kwa sekunde chache, hukohoa kwa muda mrefu zaidi, na hubaki na hakika moja tu kwamba gari limepita. Kwamba limeshinda au limeshindwa, hilo hulijua mtu aliyeko Helsinki akiwa amevaa soksi. Mwaka 2021 dereva Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza, gari lake likaharibika nyuma kule Loldia, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Siku iliyotangulia Ott Tänak alilazimika kusimama kwa sababu kioo cha mbele kilijaa ukungu wakati wa mvua. Mwaka 2023 Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7, baada ya siku nne za kuendesha. Tofauti kama hiyo haionekani kwa macho ya mtu yeyote duniani, hata akipanda mgunga mrefu kiasi gani. Huonekana kwa matangazo mfululizo peke yake.

Haki inadai isemwe kwamba Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, lilirusha sehemu ya mashindano ya 2021 moja kwa moja, na mashabiki wanalishukuru kwa moyo wote. Kwa desturi ya biashara hii, kituo cha kawaida cha televisheni hupewa hatua chache, ikiwemo ile ya mwisho inayoitwa Power Stage, ambayo huongeza pointi kwa wenye kasi zaidi na ambayo kwa Kenya imekuwa ikifanyika Hell's Gate. Ni sawa na kumkaribisha mgeni wakati wa kunawa mikono baada ya kula. Na hata anayelipia kila kitu hulipia zaidi Wafini, Wafaransa na Wajapani, kwa sababu kamera hufuata magari ya daraja la juu, huku Wakenya, ambao wengi wao hutumia magari ya madaraja ya chini na huanza nyuma, wakipita mbele ya lenzi kwa bahati. Karan Patel, mmoja wa Wakenya hao, alikuwa bingwa wa Afrika 2023. Shabiki wake wa Kawangware humfuatilia kwa hisani ya kijana asiyejulikana aliyeinua simu juu ya umati, akionyesha vumbi, kisogo cha mtu, vumbi tena, halafu bando likaisha. Kuhusu mashindano ya taifa, ambayo ndiyo yanayowalea madereva hao, kijana huyo mara nyingi ndiye kituo pekee cha utangazaji.

Hapa linazuka swali la kisheria ambalo Mamlaka peke yake ina uwezo wa kulijibu. Kanuni za utangazaji zimevitaka vituo vya televisheni kutenga sehemu ya muda wao, kwa kiwango kilichoanzia asilimia 40, kwa maudhui ya humu nchini. Je, pundamilia wa Kedong akivuka barabara mbele ya Toyota iliyoundwa Finland, akapigwa picha na Mzungu aliye ndani ya helikopta, akarudi nchini kupitia Ulaya, ni maudhui ya humu nchini au ya kigeni? Mashabiki wanapendekeza pundamilia mwenyewe ahesabiwe kuwa asilimia 40.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili la michezo kufungiwa nyuma ya malipo bila ucheshi. Uingereza, kwa Sheria yake ya Utangazaji ya 1996, hulinda orodha ya michezo ambayo haiwezi kufungiwa nyuma ya malipo peke yake, na mbio za farasi za Derby na Grand National zimo. Kwa hiyo taifa lililotuachia Safari kama zawadi ya kutawazwa kwa malkia wake limehakikisha farasi wake wanaonekana na kila mtu. Afrika Kusini, kwa kanuni za 2010, iliziweka Comrades Marathon na mbio nyinginezo katika orodha ya aina hiyo.

Mashabiki hawaombi mikataba ivunjwe, maana wanajua kwamba makubaliano ya kuiandaa Safari hadi 2026 yalifikiwa na wakubwa, mbele ya kamera, ambazo siku hiyo zilionyesha kila kitu bila malipo. Wanaomba tu kwamba yeyote atakayetaka tena masafa ya Kenya kwa ajili ya rally apewe leseni yenye sharti moja la ziada, nalo ni kwamba aliye ndani ya mipaka ya Kenya aweze kutazama kila hatua mtandaoni bila malipo, kwa picha ndogo isiyomaliza bando; na kwamba Hazina iliyotajwa ijenge minara ya simu karibu na njia za mashindano ya taifa, ambako mfugaji ataitumia siku zote za mwaka na rally wikendi moja. Kama sharti hilo ni zito mno, basi Mamlaka iwape wakazi kibali cha kuidaka ile ndege inayozunguka juu ya Naivasha kwa vifuniko vya sufuria, kama walivyokuwa wakidaka televisheni kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa 2015. Ustadi huo haujapotea.

Jibu litumwe kwa karatasi, na likabidhiwe langoni.

Wako watiifu,
Mashabiki wa mbio za magari,
Muthangari, Nairobi.

Nakala: Shirika la Utangazaji la Kenya, Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, twiga wa Hell's Gate, ambao hadi sasa hawajatozwa.