Matufaha ya Jirani na Unga Wenye Cheti

Septemba ikishaingia, Waingereza wa mtaani kwetu huanza kugawa matufaha. Siyo kugawa tunakokujua sisi. Kwetu Tanga mtu akikuletea embe anakaa, anauliza watoto hawajambo, anakutazama unavyolipokea, na sahani yake hairudi tupu. Hawa wanajaza sanduku, wanaliweka nje ya geti, wanaandika kwenye kikaratasi "Jichukulie", kisha wanaingia ndani na kufunga mlango. Ukipita mikono mitupu, pazia linatikisika: una dharau. Ukichukua, umejitwisha kazi, maana tufaha lenyewe haliliki.

Linaitwa Bramley. Ni kubwa, la kijani, zuri kwa macho, na ukiling'ata hivihivi utaikumbuka ndimu kwa heshima. Hilo ni tufaha la kupika tu. Asili yake ni Southwell, mji mdogo usio mbali na hapa Nottingham ninapoishi, ndiyo maana wenyeji wanalisifia kana kwamba wamelizaa. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha katika bustani ya kwao. Mti ukamea, ukazaa. Miaka ikapita, na mwaka 1846 nyumba ile ikanunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa biashara ya miche, Henry Merryweather, akaja kuomba vikonyo vya kubebesha. Muuza nyama akasema chukua, lakini tufaha liitwe kwa jina langu. Basi. Mbegu ya binti, jina la mwenye bucha. Kila Bramley duniani imetokana na mti ule mmoja, na kila ninapomenya moja namwonea uchungu Mary Ann, kisha naendelea kumenya kwa sababu sanduku halijaisha.

Mwaka huu nilikuwa nimejipanga kuyapita matufaha hayo kwa ujasiri. Ndipo mwanangu akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Jumapili tunakuja kula. Mama kasema yuko zamu mpaka mchana, kwa hiyo kitindamlo utatengeneza wewe. Kitu rahisi tu cha matunda. Ila ukumbuke."

Hiyo "ila ukumbuke" ndiyo yenye mzigo. Mkaza mwanangu ana ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo wake mwenyewe na kuuchubua. Huo si mzio wa kudekadeka, wala si mtindo wa watu wa mazoezi. Hauna kidonge. Dawa yake ni kuacha, maisha yote, na kuacha kwenyewe ni mpaka chembe ya mkate. Katika watu mia hivi, mmoja anao, na wengi wao hawajijui; wanaambiwa wana gesi, wana mawazo, wapunguze pilipili.

Aliyegundua kwamba ngano ndiyo mbaya alikuwa Mholanzi, daktari wa watoto, Willem Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja ile baridi ya njaa ya 1944 na 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, mkate haupatikani. Watoto wengine wanadhoofu, wagonjwa wake wa siliaki wanapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 akayaandika yote katika tasnifu yake. Nimesoma habari hiyo na kumheshimu sana daktari, ingawa yeye hakuambiwa atengeneze kitindamlo rahisi.

Maana hilo la "rahisi" husemwa na asiyepika. Jumamosi asubuhi mwanangu akapiga simu ya video kukagua jiko langu. Mimi niliyemlea, niliyemsongea ugali hadi akaota ndevu, naambiwa nigeuze kamera nionyeshe ubao wa kukatia. Ubao ukakataliwa: unakatiwa mkate. Mwiko wa mbao ukakataliwa: mbao hunyonya. Chekecheke likakataliwa, kwa kuwa ndilo linalochekechea unga wa chapati, na unga hujificha kwenye vitundu hata ukiosha. Siagi ikakataliwa! Siagi nzima, karibu mpya, kwa sababu kisu chenye chembe za tosti kimeingia humo.

"Fungua nyingine, Baba."

"Hii ina kosa gani?"

"Ina mkate."

Nikafungua nyingine. Mama Watoto, kwa taarifa yenu, ndiye anayepaka tosti.

Kisha dukani. Duka kubwa la hapa mtaani lina rafu nzima ya vitu visivyo na gluteni, na kitu kikishaingia kwenye rafu hiyo kinapungua ukubwa na kuongezeka bei. Mkate wa pale unaushika kwa vidole viwili. Sheria inataka chakula chenye maandishi "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na kupima huko si bure, nakubali. Lakini kuna vitu vingine naviona vimebandikwa maneno hayo mpaka najiuliza ngano ingeingilia wapi. Wali! Wali umeandikiwa kwa herufi kubwa kwamba si ngano.

Usidhani serikali haijui bei hizo. Hii ni nchi ambayo daktari anaweza kumwandikia mgonjwa mkate. Naam, cheti cha dawa, unakwenda famasia, unapewa mkate. Zamani walikuwa wakiandikiwa hadi biskuti. Mwishoni mwa 2018 England ikapunguza orodha, ikabaki mikate na mchanganyiko wa unga, na maeneo mengine yameacha kabisa. Nilipomsimulia dada yangu kwa simu alicheka mpaka akakata, halafu akapiga tena kuuliza kama wanaandika na maandazi.

Kilichonikera zaidi ni unga wa mchele. Paketi ndogo, bei ya kuku. Nikatoka, nikaenda duka la Wahindi, mfuko mkubwa, bei ya kibinadamu. Nikaupiga picha, nikamtumia kijana kwa fahari. Akajibu: "Una alama ya bila gluteni?" Hauna. "Basi hapana, Baba. Huenda umesagwa kwenye mashine iliyosaga ngano."

Sasa hapo mzee wa Tanga unajibu nini? Mimi nimekulia kwenye bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki. Asubuhi vitumbua: mchele umelowekwa usiku, ukasagwa kwa tui, iliki, hamira na sukari. Sikukuu mkate wa kumimina, nao ni mchele, nazi na ute wa yai, unaiva ukiwa umevimba kwa majivuno. Marehemu mama yangu alioka bila gluteni maisha yake yote na hakuna aliyempa rafu. Halafu leo mchele mpaka uwe na cheti. Kijana ana haki, kwa sababu mashine ya kusagia haimjui mgonjwa, na kwetu pia unga wa muhogo na wa ngano hupita kinu kimoja. Sikumwambia kwamba ana haki. Nilinunua ile paketi ndogo, nikailipia nikiwa nimeangalia pembeni. Ule mfuko mkubwa nao nikabaki nao.

Oti nayo ina kesi yake. Yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini hupandwa, huvunwa na kubebwa pamoja na ngano na shayiri, kwa hiyo inayofaa ni ile tu iliyoandikwa. Na hata hiyo, baadhi ya wagonjwa haiwakubali, kwa hiyo muulize mgeni wako kabla. Wangu inamkubali. Paketi nyingine ndogo.

Mpaka hapo bado sijamenya tufaha hata moja, na kitindamlo ni rahisi.

Niliamua kutengeneza kile Waingereza wanachokiita krambo, na hapa lazima niache kununa kidogo, maana ndicho kitindamlo kilichomwelewa mgonjwa wa siliaki. Gluteni kazi yake ni kushikamanisha. Ukioka mkate bila hiyo, unga unasambaratika, ndiyo maana watu huongeza gundi ya zanthani na kuomba dua. Krambo lenyewe linatakiwa lisambaratike! Juu yake panatakiwa pawe chengachenga. Ukiiondoa gluteni hujapunguza kitu, na huna haja ya kununua gundi. Unga wa mchele, ambao kwenye keki hulaumiwa kwa kukwaruza ulimi, hapa ndio unaoleta mkwaruzo mtamu. Haya, andika.

Kilo moja ya Bramley, menya, toa vikonyo na mbegu, kata vipande vya kutafunika. Visiwe vyembamba, kwa sababu tufaha hili lina asidi nyingi, na likipata moto linayeyuka kuwa povu. Changanya na sukari gramu 100, mdalasini, na maji ya nusu limau. Kitabu hakisemi iliki. Mimi nasema iliki, punje tano au sita, zitwangwe. Mwaga kwenye bakuli la oveni. Kisha unga wa mchele gramu 120, lozi za kusaga gramu 80, oti gramu 60, sukari ya kahawia gramu 90, chumvi kidogo sana. Siagi ya baridi gramu 110, ile isiyo na historia ya tosti, ikate vipande na kuifikicha na unga kwa ncha za vidole mpaka vipatikane vibonge vidogo na vikubwa. Usiukande. Tandaza juu ya matunda bila kushindilia, oveni nyuzi 180, dakika 40 hadi 45, mpaka juu pawe hudhurungi na maji ya matunda yachemke pembeni. Likitoka, lisubiriwe robo saa. Nimeona watu wazima wakiunguza ndimi kwa kukosa subira hiyo.

Nilitaka kuongeza zile beri nyeusi za miiba zinazoota kando ya njia ya baiskeli. Zipo tele, bure, na kuchanwa mikono ni juu yako. Nikiwa na kibakuli changu pale, akapita bibi wa nyumba ya tatu na mbwa wake, akanionya kwamba tumeshavuka Mikaeli, yaani tarehe 29 Septemba, na baada ya siku hiyo beri hazichumwi kwa sababu shetani amezitemea mate. Alitabasamu, lakini hakuzigusa. Hawa ndio watu ambao nikiwaambia natoka Tanga huniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwetu kuna majini. Nilichuma chache, za juu. Shetani wa Kiingereza nadhani ni mfupi.

Kuna faida moja ya kuoka ambayo vitabu haviitaji. Mama Watoto ameweka sheria kwamba joto la nyumba haliwashwi kabla ya Novemba. Oveni haimo kwenye sheria hiyo. Jumapili nilikaa mbele yake na gazeti, miguu imenyooshwa, na aliporudi kutoka zamu akauliza mbona jikoni pamoto hivi, nikamjibu: ni kwa ajili ya mgonjwa.

Kastadi nayo haikuniletea taabu, nikashangaa. Ile ya unga tunayoijua hata nyumbani ilianza mwaka 1837 huko Birmingham, pale mkemia Alfred Bird alipotafuta kastadi isiyo na mayai kwa kuwa mayai yalimdhuru mkewe. Akatumia wanga wa mahindi. Mtu amebuni chakula ili mkewe ale mezani na wenzake, kisha kikapendwa na nchi nzima ya watu wasio na tatizo lolote na mayai. Huyo ndiye wa kuwekewa jina kwenye tufaha, siyo yule wa bucha. Nilisoma maandishi ya kopo hata hivyo, mbele ya kijana, kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka akasema, "Inatosha, Baba."

Krambo lililiwa likaisha. Mkaza mwanangu alisema, "Asante sana, Baba," kwa Kiswahili chake cha kujifunza, akaongeza bakuli la pili bila kuuliza kilichomo, na mwanangu akanieleza baadaye jikoni kwamba hiyo ni mara chache sana kumtokea ugenini: kwa kawaida anauliza, anaomba radhi, anaishia kula chungwa. Sikuwa na la kulalamikia katika hilo, nikalalamikia vyombo.

Jumatatu asubuhi sanduku la getini kwa jirani lilikuwa limejaa tena. Ule mfuko mkubwa wa unga wa mchele nimeufungia kabatini, na Jumamosi nitapika vitumbua vyetu wenye matumbo ya chuma. Kwa hiyo msomaji, kama unakuja huku mwezi huu na umejiuliza umbebee nini mzee, matunda usibebe. Pitia Muheza uniletee iliki ya Amani, robo kilo tu. Ya hapa wanauza kwa kuhesabu punje.