Siku 28 za Mama Zuhura

Kalenda ya jikoni kwetu ina alama za vema kwa kalamu nyekundu, halafu mstari mmoja mrefu uliotoboa karatasi. Vema ni za mke wangu. Mstari pia ni wake, ila sababu ni mimi.

Binti yetu Zuhura alipata chuo Uingereza, nje ya London. Mwaka 2025 viza ya mwanafunzi ilitaka aonyeshe karo iliyobaki, na juu yake pauni 1,136 za kujikimu kila mwezi, kwa miezi 9. Jumla pauni 10,224, kama shilingi milioni 35 za kula na kulala tu. Mimi nilikuwa na nusu.

Kaka yangu akasema, "Chukueni karatasi za benki yangu mkawaonyeshe. Kwani huyu si mwanangu?"

Ni mwanawe, nani abishe? Ila Waingereza wanatambua pesa ya mwanafunzi mwenyewe, mwenza wake, mzazi au mlezi wa kisheria. Baba mkubwa hayumo. Nilipomweleza alinuna siku mbili, akauliza, "Kumbe mimi jirani?" Siku ya tatu akatuma nusu iliyobaki kwenye akaunti yangu.

Tukaandaa cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi kuridhia. Likabaki sharti moja: salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja, kwa siku 28 mfululizo. Yaani pesa ikae ndani kama mwali. Mama Zuhura akatundika kalenda.

Sasa niambieni, ni lini pesa ya ukoo wetu iliwahi kukaa siku 28 bila kuitwa mahali?

Usiku wa siku ya 22, kundi la harusi kwenye simu likatoa orodha ya ambao hawajakamilisha ahadi. Nilikuwa wa tatu, laki tano, jina kwa herufi kubwa. Na harusi ya nani? Ya mtoto wa kaka huyohuyo! Mtu kakubebea nusu ya mzigo, wewe unamwekea deni la laki tano mbele ya kamati? Nikatuma saa tatu usiku. Juu ya kiwango tulikuwa na laki mbili tu, lakini mshahara ulikuwa unaingia kesho yake.

Uliingia kesho kutwa.

Zuhura ndiye aliyeona, alipochukua taarifa ya benki. Siku mbili, pungufu laki tatu. Hakupaza sauti. "Baba, hii laki tano ni ya nini?"

Mama yake akanitazama kwa muda. "Afadhali ungeinywea, ningejua pa kuanzia."

Kaka nilipompigia alicheka hadi akakohoa, kisha akanishukuru kwa mchango.

Tukaanza moja upya. Safari hii laini yangu ya benki ilitolewa kwenye simu, ikafungwa kwenye kipande cha nailoni, ikazikwa ndani ya kopo la mchele. Mimi nikabaki na kitochi, hata salio la benki siwezi kuuliza.

Siku ya 26 akaja kijana mlangoni na kadi ya mchango, yenye utepe wa dhahabu. Mama Zuhura akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akamkaribisha kijana maji. Alipoondoka, akafungua kopo, akaisukumiza kadi chini ya mchele, akakaza mfuniko. Kisha akachukua kalamu nyekundu.